Miaka Miwili ya Mbeleko

Mtaani walimwita Shangazi Hodi, maana sauti yake ilifika mlangoni kabla ya miguu. Kazi yake, enzi hizo goti halijaanza kumsumbua, ilikuwa kutembelea familia za wanafunzi waliosomeshwa na shirika la kanisa. Wenzake walikaribishwa kitini, wakajaza fomu, wakasali, wakaaga. Yeye alipitiliza mpaka uani, akavuta beseni au kisu cha vitunguu, akaanza kazi. Alidai kwamba mtu aliyekaa kitini hujibu fomu tu, na mambo yenyewe huyasema mikono yake ikiwa na shughuli. Sala aliiweka mwisho, fupi, povu likimtiririka viwikoni. Zilikuwa siku tamu, asikwambie mtu.

Basi binti wa seremala akaacha kuonekana darasani. Alikuwa na kichwa chepesi, na alibakiza miaka miwili tu amalize sekondari. Zilipofika wiki tatu, ofisi ikasema asiporudi kufikia Ijumaa, nafasi yake apewe mwingine.

Shangazi alikwenda Jumatano. Seremala alikuwa amefiwa na mkewe miezi mitatu nyuma, siku ya kujifungua. Alimvutia mgeni kiti alichokichonga mwenyewe, akasema binti yuko kwa mama yake mdogo, atarudi. Aliusema uongo huo bila kupepesa macho. Shangazi akakisifu kiti, akakipita. Uani akakuta nepi zimeloekwa, akakunja mikono ya gauni. Seremala alisimama pale kwa haya, mwisho akachuchumaa, akaanza kukamua. Walipofika kama nepi ya sita, akasema kwa sauti ya chini:

"Yuko chumbani, Shangazi. Anamlea mdogo wake, tangu bibi yao arudi kijijini. Akienda shule, huyu mchanga nimwachie nani? Nimwachie randa na misumari?"

Shangazi na marehemu mumewe hawakujaliwa mtoto. Akasuuza nepi ya mwisho, akaianika.

"Nipe mimi," alisema. "Asubuhi nitampitia, jioni nitamrudisha."

Alhamisi binti alikuwa darasani, na Shangazi alikuwa kwenye nyumba za watu na mtoto mgongoni. Mkurugenzi, mchungaji mpole aliyependa utaratibu kupita kiasi, alimkumbusha kwamba kazini hakuji watoto. Shangazi akamwomba amwandikie barua ya onyo, ili mtoto apate cha kutafuna. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani, na barua haikuandikwa.

Mtoto alijifunza kutembea pale ofisini, akishika kiti hiki na kile. Alipoanza kusema, alimwita Shangazi "mama" mbele ya kila mtu. Shangazi alimsahihisha kila mara, ila kwa mdomo tu.

Asubuhi moja binti mwenyewe alimfungulia mlango, akitabasamu.

"Shangazi, jana nimemaliza mtihani wa mwisho. Leo pumzika, nitabaki naye mimi."

Shangazi akasema Bwana asifiwe, na alimaanisha. Alikuwa amelipigania jambo hilo miaka miwili. Kisha akakata kona, akaegemea ukuta wa duka lililofungwa, akalia.

Siku hizi amestaafu, na yule binti ni mfamasia. Lakini akisimama foleni popote, mikono humwendea nyuma yenyewe, na mwili huanza kuyumba polepole, kama anabembeleza mtoto.