Kitambaa Chekundu Nilichofunga Kwenye Wavu

Nimekosa, jamani. Nilimkosea mtu aliyeniamini, nikanyamaza, na mpaka leo mtu akiniita kwa nyuma nashtuka nikidhani wamegundua.

Miaka ya themanini nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha walimu huko milimani, upande wa Nunguni. Nilichezea timu ya tenisi ya wasichana. Msimu ule tulipiga chuo kimoja baada ya kingine, mimi na mwenzangu Mwende, tukicheza wawili wawili.

Mwende alikuwa mtu wa kwao Mwingi, mpole, na vitanda vyetu vilipakana. Nyanya yake alitibu watu kwa mizizi. Wasichana walimtania kwa hilo, wakisema Mwingi ndiko kwa wachawi, naye akawa anacheka tu.

Ikabaki mechi ya mwisho, hapo kwetu, na chuo cha jirani. Wao walikuwa na Syombua. Wuui, Syombua! Mpira wake wa kuanzia ulikuja kama jiwe. Mwaka wa nyuma alinichezea hadi nikalia mbele ya chuo kizima, na niliapa hanifanyi hivyo tena.

Nilijua jambo moja juu yake: aliogopa uchawi kupita kiasi. Basi nikatwaa kitambaa chekundu, nikafungia ndani manyoya ya kuku na vipande vya makaa. Kabla watu hawajafika, nikakifunga chini kwenye nguzo ya wavu, upande wake. Nilitaka ashtuke kidogo, mkono ulegee, tushinde. Hilo tu! Mungu wangu, hilo tu!

Alikiona akikimbilia mpira mfupi karibu na wavu. Alipiga yowe, akarudi kinyumenyume mbio, akatumbukia kwenye mtaro wa maji pembeni, akaangukia mkono wake wa kulia. Niliona mfupa.

Watu wakakiona kile kitambaa. Sauti ikatoka kwa watazamaji: "Nani hapa anatoka Mwingi?"

Macho yote yakamgeukia Mwende.

"Si mimi!" akasema. "Jamani, si mimi! Muulizeni mwenzangu. Tumekuwa pamoja tangu asubuhi."

Mwalimu wa michezo akanijia. "Ni kweli? Mlikuwa pamoja?"

Nilijua nikisema ndiyo, watatafuta mwingine, na mwingine ni mimi.

"Sijui, mwalimu," nikajibu. "Kuna wakati aliniacha."

Asai! Laiti ningekufa ulimi kabla ya neno lile!

Wasichana tuliokula nao meza moja waliokota mawe. Mwalimu akamvuta Mwende mbio, akamfungia kwenye stoo ya mipira wasije wakamuua. Wakaupiga ule mlango kwa ngumi na mateke. Mimi nilisimama nyuma yao, na siwafichi, nilijikojolea. Kila teke nililosikia, nilijiona mimi ndani ya stoo ile.

Hakuna aliyeshinda mechi. Kesho yake Mwende alifukuzwa. Alipokuwa akifunga sanduku lake mimi nilijifunika blanketi, nikajifanya nimelala. Hakuniita. Alipoondoka wakachoma godoro lake.

Tangu hapo sikupata amani. Mkuu wa chuo akitaja jina langu, hata kwa jambo la kawaida, nilitafuta mlango wa kutokea. Nilianza hata kukiogopa kile kitambaa, mimi niliyekifunga kwa mikono yangu!

Nilipokuwa tayari mwalimu mwenye watoto ndipo nilipata nguvu ya kwenda kwao. Nilimkuta uani akipukuchua mbaazi. Hakunikaribisha kiti.

"Mwende, ile siku ya mechi..."

"Nilijua," akanikatiza. "Alfajiri ile ulirudi na masizi mikononi. Ukaosha, ukaosha tena."

"Na mbona hukunitaja?"

"Nani angeniamini? Mimi mjukuu wa yule nyanya?" Aliendelea na mbaazi zake. "Nilingoja useme mwenyewe. Mle stoo niliweka sikio mlangoni. Wote walikuwa wakipiga kelele, na mimi nilikuwa natafuta sauti yako."

Nilipiga magoti. Alinisikiza hadi nikamaliza kulia, kisha akaniambia niende, giza lisinikute njiani. Sijui kama hiyo ni kusamehewa. Sikuthubutu kuuliza.

Wewe unayesoma, kama umetenda kosa na mwingine anashikwa kwa ajili yako, fungua mdomo pale pale! Usingoje woga uishe. Wangu haujaisha.

Kwa Syombua bado sijaenda. Nasikia anafundisha, na ubaoni anaandika kwa mkono wa kushoto. Niombeeni nifike mlangoni kwake.