Kengele ya Saa Nne

Mfikirie kwanza anavyofika. Ni saa moja na nusu asubuhi, njia ya mchanga ya Likombe, na pikipiki imesimama hatua kadhaa kabla ya geti la shule kwa sababu mchanga umezidi. Anashuka msichana wa miaka kumi na saba, sketi ya bluu imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, begi mgongoni. Nyuma yake anashuka baba yake, kofia mkononi na kiroba kitupu kimekunjwa kwapani. Kiroba hicho kisikushangaze. Mzee Custodio ni mkulima wa korosho wa Kilambo, na mkulima wa korosho msimu ukiingia hatoki nyumbani bila kiroba, hata kama anakwenda msibani.

Ukiwaona hivyo utadhani mzazi amemleta mwana kuanza shule. Sivyo. Lucinda yuko kidato cha tatu, tena ndiye dada mkuu. Leo ameitwa shuleni pamoja na mzazi wake ili ijulikane moja: ataendelea kusoma, au atarudi Kilambo na begi lake hilo hilo. Na katika ukoo wao wote hakuna msichana aliyewahi kufika kidato cha tatu. Kwa hiyo unaelewa kwa nini miguu yake inakwenda polepole.

Ndani ya begi, kati ya daftari la hesabu na la jiografia, kuna kipande cha nondo. Hicho ndicho kilicholeta kesi yote.

Shule yao haina kengele ya umeme. Ina rimu ya lori iliyofungwa kwa mnyororo kwenye mwarobaini, mbele ya ofisi, na nondo ya kuigongea. Mgongaji ni dada mkuu. Pigo moja, kipindi kinabadilika. Mapigo matatu, watu mstarini. Na ikigongwa mfululizo bila kupumua, hiyo ni ya shambani: madaftari yafungwe, ndoo zishikwe, shule nzima ivuke ule ua wa minyaa ikaokote korosho.

Shamba ni la mkuu wa shule mwenyewe, Mwalimu Chilumba. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Msimu wote, mara tatu kwa wiki, saa nne kamili, watoto wanainama chini ya mikorosho. Wanaokota mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyoanguka tu, kwa kuwa kutikisa mti ni kujitafutia fimbo. Wananyofoa korosho, wanaitia kwenye ndoo, na bibo wanalifyonza hadi juisi inachuruzika viwikoni. Doa la bibo likishaingia kwenye shati jeupe, ufue usifue, utalivaa mpaka umalize shule. Kaka zao waliokota. Dada zao waliokota. Na Mwalimu Chilumba si mtu mbaya wa kutisha. Chaki zikiisha hununua za kwake, na mtoto akiugua humpakia kwenye gari lake na kumpeleka zahanati. Ndiyo maana watu wakazoea.

Mwaka huu, bahati mbaya, vipindi vya hesabu vya kidato cha tatu viliangukia saa nne, siku zile zile za shamba. Mwalimu Irene akiingia na rula yake, hajamaliza hata kufuta ubao, kengele inalia. Tangu Septemba walikuwa wamesoma hesabu mara mbili tu.

Ndipo Kinza alipochukua chaki. Kinza ni mwenzake Lucinda wa dawati moja, binti wa duka la vitambaa kule Mikindani, na mdomo wake hauna breki. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: TUNAOKOTEA NANI?

Darasa likacheka. "Andika na jibu basi!" akasema mmoja kutoka nyuma.

"Jibu muulizeni dada mkuu," Kinza akasema. "Si ndiye mchungaji? Ngo-ngo-ngo-ngo, haya mbuzi, malishoni!"

Wakacheka tena, wakapiga madawati. Lucinda naye alitabasamu, lakini neno lile halikumtoka. Alikwenda nalo kwa shangazi yake anakokaa, akala nalo, akaamka nalo.

Jumanne iliyofuata, saa nne kasoro dakika moja, alitoka akasimama chini ya mwarobaini na nondo yake. Kupitia dirishani alimsikia Mwalimu Irene, aliyekuwa ameingia mapema, akisema kwa haraka, kama mtu anayejua atakatizwa, "Tazameni hapa, mkielewa hapa tu, mengine yote yatafunguka..." Lucinda akanyanyua mkono. Akagonga pigo moja. Moja tu. Kisha akaitia nondo kwenye begi, akarudi kukaa.

Shule nzima ikabaki darasani. Mwalimu Chilumba alikuwa mjini kwenye kikao. Walimu wakachungulia, wakatazamana, na kila mmoja akangoja mwenzake aseme. Mkuu aliporudi saa nane, mvua ilikuwa imeshapiga, ile mvua ya kuvizia ambayo haina siku, na korosho zote zilizoanguka zilikuwa zimelala kwenye maji.

Sasa sikiliza jambo ambalo Lucinda hakulitarajia. Alidhani baba yake akija atamgombeza kwa kumpinga mwalimu. Mzee Custodio alifika kwa shangazi alfajiri ya siku hii ya kuitwa, akanywa chai, akamtazama.

"Mama," akasema. Humwita hivyo kwa sababu binti amebeba jina la mama mzazi wa mzee. "Nasikia umegoma. Mambo ya kugoma mimi siyajui, sikusoma. Lakini wingu uliliona?"

"Nililiona, baba."

"Ukaliona wingu, na korosho ziko chini."

"Si zetu, baba."

"Sikuulizi za nani. Korosho ikilala na maji inaoza ndani, ganda linabaki zima. Mtu anakuja kuipasua, nyeusi. Mwaka mzima wa mti umekwenda." Akasukuma kikombe. "Na jambo la pili. Mimi nimevuka Ruvuma nikiwa mgongoni mwa bibi yako. Tangu hapo sijagombana na mtu, hata mpaka wa shamba. Unajua kwa nini?"

Lucinda alijua. Alikuwa amelisikia tangu hajaota meno. "Wasituambie turudi ng'ambo ya mto."

"Basi," akasema baba yake. "Tukamsikilize mwalimu."

Wakamsikiliza, lakini si mara moja. Waliwekwa kwenye benchi nje ya ofisi tangu saa moja na nusu hadi saa nne kasorobo. Wanafunzi wakipita wanapunguza mwendo. Kinza alipita mara mbili akijifanya anakwenda kutupa taka. Mara ya pili akanong'ona, "Ukifukuzwa na mimi natoka."

"Kaa darasani wewe," Lucinda akamjibu bila kufungua meno.

Ndani, Mwalimu Chilumba hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Mzee Custodio, karibu, habari za Kilambo?"

"Salama, Mwalimu. Tunaokota."

"Hongereni. Mimi za kwangu zimeoza." Akamgeukia Lucinda. "Nilikuchagua mwenyewe. Walimu walisema huyu mpole mno, nikasema mwacheni, ana adabu. Leo shule nzima inaniona mjinga. Nikikuacha, kesho watagomea fagio, keshokutwa watagomea mtihani."

"Mtihani hatugomei, Mwalimu," Lucinda akasema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Tunataka hesabu tu."

"Kimya!" Baba yake ndiye aliyesema. Kisha akasogea mbele kwenye kiti, kofia ikizunguka mikononi mwake. "Mwalimu, nisikilize. Mimi na mama yake tutakuja. Sisi mikono yetu imezoea. Tutakuokotea mpaka msimu uishe, na tutakuanikia. Mtoto akae darasani."

Kumwona baba yake akijitoa vile, na kile kiroba kimelala magotini, ilikuwa mbaya kuliko fimbo.

Mwalimu Chilumba akatikisa kichwa. "Mzee wangu, ahsante. Lakini mikono minne hainitoshi. Nataka kengele." Akatazama saa yake. "Sina barua, sina fimbo. Ni saa nne hii. Nondo iko kwake, najua. Atoke, agonge ya shambani, shule imwone. Akigonga, yamekwisha, sitalitaja tena. Asipogonga, achukue begi."

Wakatoka watatu. Jua lilikuwa limepotea, na upande wa baharini wingu lilikuwa linapanda, jeusi chini, jeupe juu. Lucinda akafungua begi, akaitoa nondo. Alimwona Kinza dirishani. Alimwona Mwalimu Irene, rula imebaki hewani.

Akasogea mpaka kwenye rimu. Akanyanyua mkono. Baba yake akafumba macho.

Kisha mkono ukashuka. Lucinda akageuka, akapiga goti kama alivyofundishwa kumpa mkubwa kitu, akaishika nondo kwa mikono miwili.

"Mwalimu, gonga wewe."

Mwalimu Chilumba aliipokea kabla hajafikiri. Akagonga. Aligonga mfululizo, kwa nguvu, bila ule mdundo waliouzoea, mpaka kunguru wakaruka. Watoto wawili wa kidato cha kwanza wakatokeza mlangoni na ndoo zao, wakatazama huku na huku, wakarudi ndani. Hakutoka mwingine. Rimu ikaendelea kuvuma peke yake, kisha ikanyamaza.

"Umejifukuza mwenyewe," mwalimu akasema, akihema. "Begi lako hilo."

Lucinda akalivaa. Na hapo hapo tone la kwanza likaanguka kwenye rimu, likalia *ti*. La pili likamwangukia Mzee Custodio shavuni.

Mzee akatazama juu. Akatazama ng'ambo ya minyaa, ambako mabibo mekundu na ya njano yalikuwa yametapakaa chini ya mikorosho. Akavaa kofia. Akakikunjua kiroba chake, akaupita ua, akainama. Aliokota upesi, kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeokota watoto walioanguka njiani. Mwalimu Chilumba mwenyewe alibaki ameduwaa na nondo yake.

Lucinda alisimama katikati. Kushoto kwake geti. Kulia kwake mgongo wa baba yake, shati limeanza kulowa. Nyuma yake, kila dirisha limejaa vichwa vya watu waliobaki darasani kwa sababu yake, na maneno ya Kinza, ijapokuwa ubao ulishafutwa, hayajafutika bado.

Akalivua begi, akaliweka chini ya mwarobaini lisilowe. Akapiga hatua moja kuelekea kwenye minyaa, akasimama tena.

Sasa wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, niambie: akivuka ule ua akainama kando ya baba yake, atakuwa anamwokotea nani?