Matuta Niliyoyashusha Mlimani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa na miezi mitano tu tangu niolewe hapa Lusu, mama mkwe wangu alirudi kutoka Tabora mjini akakuta nimemharibia mpunga wake wote.

Alikuwa huko mjini, mtaa wa Chemchem, akimtunza binti yake aliyejifungua. Huku nyuma mimi nikataka sifa. Mlimani, juu ya majaruba yake ya mpunga, palikuwa na ngitili ya ukoo, yaani miti na majani ambayo hayaguswi mpaka kiangazi kikali, ndipo ng'ombe wafunguliwe. Nikaona ardhi imelala bure. Nikafyeka kipande kizima, nikapiga matuta yaliyonyooka kutoka juu hadi chini, maana kushuka na mteremko hakuchoshi. Kila mpita njia alinisifu, kichwa kikanivimba.

Ikaja mvua kubwa, moja tu. Maji yalishuka katikati ya matuta, yakazoa udongo, yakaumwaga majarubani. Chakula chetu cha mwaka mzima kikalala chini ya tope.

Mama aliporudi nilipiga magoti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Inuka, twende juu."

Afadhali angenitukana!

Akanipeleka pale ngitili ilipobaki. Akafukua majani makavu, akaushika mkono wangu, akauzamisha humo. Mwanangu, uliingia hadi karibu na kiwiko. Udongo mweusi, laini, wa baridi. Hatua chache chini yake, kwenye ufa wa jiwe, maji yalikuwa yanatoka polepole, maangavu kabisa, na ni mvua ileile iliyoniumbua upande wa pili! Mwili ulinisisimka. Siku zote nilidhani mlima ule ni mawe na vichaka tu, kumbe ulikuwa kazini usiku na mchana, wala hausemi. Nililia, na sioni haya kukuambia.

"Kazi hii ya nani?" aliniuliza.

"Ya Mungu, mama."

"Basi tumsaidie."

Tulipandisha udongo kwa karai, siku nyingi, mgongo ukiniuma hadi siwezi kuinama. Tukayapiga matuta upya, safari hii yakikatisha mteremko ili yakinge maji, tukayalisha samadi ya zizini na majani yaliyooza. Mwaka ule tulikula mihogo ya kupewa. Mume wangu aliporudi kutoka kibaruani Igalula akauliza kwa hasira nani kafyeka, mama alimjibu, "Tumefyeka sisi." Sisi! Sijawahi kuisahau ile sisi.

Sasa nawe umeniambia ngitili inakubania shamba. Lima mwanangu, sikukatazi. Lakini matuta yako yakatishe mteremko, udongo uulishe samadi kila mwaka, na kule juu paache palivyo, kwa sababu wanaokula huku chini ni wengi kuliko unaowaona.

Mungu akubariki mikono, akupe macho ya kuona unachokikanyaga. Na siku utakapokosea, kwani utakosea tu, akujalie mtu wa kupanda nawe mlima.