Dirisha Dogo Linafungwa Ijumaa

Seremala huyu watu walimwita Profesa, ingawa shule aliiaga mapema na shule haikumzuia. Jina hakulipata kwa vyeti, alilipata kwa mdomo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya kupigia randa, redio iliyofungwa kwa waya isimwage matumbo, na benchi refu la kuuza ambalo halikuuzika miaka yote, kwa sababu halikuwahi kukosa watu waliolikalia. Wateja walikuwa wachache. Wasikilizaji walijaa.

Kila asubuhi, penseli nyuma ya sikio, Profesa alitumia mabilioni. Klabu kubwa za ng'ambo zilikuwa zinachezea fedha, na yeye alikuwa tayari kuziokoa bure.

"Yule straika wao mwenye nywele za rangi, muuze," alisema huku akipuliza vumbi la mbao. "Muuze leo, kabla watu hawajastuka. Hela yake chukua mabeki wawili na kipa wa akiba. Na chenji inabaki."

"Baba watoto," mkewe aliita kutoka uani, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi, "hiyo chenji haitoshi bawaba ya mlango wetu wa jikoni?"

Benchi lilicheka. Profesa akarudi kwa mabeki wake wawili. Mtu anayeshughulika na mabilioni hashuki kwenye bawaba.

Basi mwaka ule klabu ya mtaa wao, iliyokuwa ya pili kutoka mkiani, ilifanya jambo ambalo haijawahi kulifanya tangu izaliwe: ilipata hela. Winga wao aliuzwa kwa timu ya daraja la juu. Si hela za kutisha, lakini kwa klabu ambayo mpira wake wa mazoezi ulishonwa mara nne, zilitosha kuwapandisha watu mori. Mkutano wa wanachama ukaitishwa kwenye darasa la shule ya jirani, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, wazungumze hela hizo zitumikeje.

Kinyozi alitaka straika kutoka nje ya nchi. Nchi gani haikumhusu, ilimradi iwe nje. Mwenyekiti alipendekeza basi dogo lenye picha ubavuni, na picha ya nani hakusema, ila alijiweka sawa kola. Nahodha wa timu aliomba kitu kidogo tu: chumba cha kuvalia. Chumba kile hakikuwa na dirisha hata moja, mlango wake haukufungika, wachezaji wakitoka mapumziko wameiva kama waliotoka kwenye tanuri, na wakirudi mwisho wa mchezo wanakuta mifuko yao imepekuliwa.

Profesa akasimama. Alisubiri kimya kitulie, kisha akakiongezea kidogo.

"Nahodha, hewa haifungi magoli. Sisi tumefungwa mabao thelathini na moja. Tatizo letu ni nyuma. Tunahitaji kitasa."

Hapo darasa zima lilitikisa vichwa kukubali, kwa sababu kila aliyemo alijua kitasa kwenye mpira ni nini: beki wa kati mgumu, asiyepitika, ambaye straika akimwona anakumbuka kwamba ana familia.

"Nipeni kamati ya usajili," Profesa akaendelea, na kwa kuwa makofi yalikuwa yameanza, ulimi ukamteleza. "Dirisha dogo la usajili likifungwa Ijumaa bila kitasa kusaini, mimi sizungumzii tena mpira maisha yangu yote. Wala karakanani. Wala nyumbani."

"Andikeni hilo," akasema mkewe kutoka mlangoni, na ndilo jambo pekee lililoandikwa vizuri kwenye kumbukumbu za mkutano ule.

Kumpata kitasa mwenyewe haikuwa kazi. Alikuwepo fundi ujenzi mmoja, jina la uwanjani Saruji, mkataba wake na timu ya upande wa pili wa mji umekwisha. Mtu mrefu, mpole wa maneno, anayekaba kwa heshima na kuomba radhi ukiwa tayari uko chini. Walikubaliana hela ya kusaini, nayo ilikuwa hela yote iliyopo. Kilichobaki ni kuitoa kwa mweka hazina.

Mweka hazina alikuwa dada mkubwa wa mke wa Profesa, muuguzi mstaafu. Alichaguliwa kwa sababu moja: wote waliomtangulia walikuwa wapenzi wakubwa wa mpira, na kila walivyozidi kuupenda ndivyo hela zilivyozidi kupungua. Yeye mpira hakuujua kabisa, na hata mkutanoni hakwenda. Aliamini kona ni adhabu, mchezaji akikosea anapelekwa kusimama pembeni.

Mtu mwingine angekwenda kwa shemeji yake, akae, aeleze kwa mdomo. Profesa alikuwa sasa mwenyekiti wa kamati. Alinunua karatasi yenye mistari, akaazima muhuri wa klabu, na Jumanne akaandika barua. Akampa mkewe apeleke. Barua ilisema hivi:

"Kwa Mweka Hazina. Dirisha dogo linafungwa Ijumaa saa kumi jioni, hakuna kuongeza hata dakika. Tunahitaji kitasa haraka. Kilichopo kimechoka, kila mtu anapita anavyotaka. Nimeshaona kimoja kigumu, kimetumika misimu mitatu tu. Fedha zote zielekezwe huko. Wako katika michezo, Profesa."

Aliisoma mara tatu kabla ya kuitia kwenye bahasha, akaona hakuna waziri angeandika vizuri zaidi. Siku mbili zilizofuata hakupiga randa. Alizunguka mtaani akipokea pongezi za awali.

Ijumaa saa nane u nusu mchana Saruji akatokea karakanani na begi lake begani, viatu vya mpira vimening'inia.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, kitasa changu. Twende ukachukue chako."

Walifika uwanjani wakasikia nyundo. Nyuma ya jengo la klabu, kwenye ukuta wa chumba cha kuvalia uliokuwa mtupu tangu enzi, palikuwa na tundu la mraba, na kwenye tundu fremu, na kwenye fremu nondo na wavu. Juu ya stuli, misumari mdomoni, alisimama seremala wa mtaa wa pili anayeitwa Randa Butu, ambaye kwa miaka kumi na mitano Profesa hakuwahi kumsalimia kwa moyo mweupe. Chini yake, miwani puani na barua mkononi, alisimama mweka hazina akisimamia.

"Shemeji," akasema Profesa. "Hiki ni nini?"

"Dirisha dogo." Alitazama saa. "Saa tisa bado, na wewe umesema linafungwa saa kumi. Tumewahi. Fundi anamalizia bawaba tu, kulifunga dirisha lenyewe amelifunga tangu asubuhi."

"Shemeji, dirisha dogo la usajili."

"Usajili uko wapi hapa?" Alimpa barua. Profesa akaisoma barua yake mwenyewe kwa mara ya nne, na mara hii ikasomeka tofauti kabisa, kama mtu uliyemzoea anapogeuka ukamwona kwa nyuma. Usajili haukuwemo. Wala mchezaji. Wala mpira.

"Wewe ni seremala," shemeji akamwambia taratibu, kama anayemweleza mgonjwa dozi. "Nimeambiwa nahodha alilalamika mkutanoni hana dirisha. Kesho kutwa yake seremala ananiandikia dirisha linafungwa Ijumaa. Nifikirie nini?"

"Sasa kama ni dirisha, kwa nini hukuniita mimi nilitengeneze?"

"Wewe ni kiongozi. Utajipaje kazi mwenyewe kwa hela za klabu? Ndiyo maana nikamwita huyu."

Randa Butu, kutoka juu ya stuli, alitabasamu bila kutoa misumari mdomoni.

"Na kitasa?" Profesa akauliza, ingawa jibu alikuwa analiona, linang'aa kwenye mlango mpya.

"Hicho hapo. Wewe ulitaka cha mtumba, kilichotumika misimu mitatu. Nikasema aibu hii ya nini, klabu nzima inunue kitasa kilichochakaa? Nikachukua kipya, na funguo zake mbili."

Profesa akakaa kwenye mfuko wa saruji, ile halisi. Alikuwa ameshatumia fedha za klabu zote za dunia bila kupoteza hata shilingi, na sasa klabu moja, dirisha moja, saa moja kabla ya kufungwa. Akaiona karakana yake Jumatatu asubuhi: benchi limejaa, redio inatangaza matokeo, na yeye anapiga randa kama bubu. Na mkewe, ambaye angekaa mlangoni kuhakikisha.

"Kimebaki kiasi gani?"

"Theluthi moja. Ukuta ulikuwa mgumu kuvunja." Kisha mweka hazina akamgeukia yule mtu mrefu mwenye begi begani. "Na huyu kijana ni nani?"

"Huyu," Profesa akasema, "ndiye kitasa."

Shemeji alimtazama Saruji kuanzia viatu vilivyoning'inia hadi utosini, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mbona hukuandika mtu?"

Saruji alikuwa ameshaingia chumba cha kuvalia. Walimsikia ndani akifunga mlango, akizungusha ufunguo, akifungua, akifunga tena. Alipotoka alikuwa amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu.

"Kule nilikotoka," akasema, "msimu uliopita nimeibiwa suruali mara tatu. Moja ilikuwa na mshahara wa wiki nzima na simu. Nimepanda gari kurudi nyumbani na kaptula ya timu, nimekaa na mama mkwe wangu siti moja. Toka siku ile nikicheza, jicho moja liko kwa straika, jingine liko kwenye suruali. Yale mabao watu wanayosema nilifungisha, ndiyo sababu yake." Akashika kile kitasa, akakitikisa. Hakikutikisika. "Hiyo theluthi nipeni, nasaini. Ila ufunguo mmoja nakaa nao mimi."

Profesa akainuka kutoka kwenye saruji. "Kijana wangu, hujui unaniokoa na nini."

"Najua. Mtaa mzima unajua. Mkeo ameshaanza kuwaambia watu Jumatatu nyumbani kutakuwa kimya."

Kutoka uwanjani hadi ofisi ya ligi ni mwendo wa dakika arobaini kwa mtu anayetembea kwa heshima yake. Wao walikwenda kwa dakika ishirini na tano. Saruji mbele na begi, Profesa katikati akihema kama mvukuto, mweka hazina nyuma amekumbatia mkoba wa hela na kukataa katakata kumpa mtu amshikie. Karani wa ofisi alikuwa ameshasimama na kikombe cha chai mkononi. Aliwatazama, akatazama saa ya ukutani, akakaa kwa uchungu. Fomu ilijazwa. Mweka hazina alisoma kila mstari kwa sauti kabla ya kuruhusu kidole kiguse wino, na alipofika kwenye nafasi anayocheza, akamnyang'anya Profesa kalamu na kuandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: MTU WA NYUMA. Muhuri uligongwa saa kumi kasoro dakika sita.

Jumapili timu ilicheza. Haikufungwa. Haikufunga pia, lakini sifuri kwa sifuri, kwa watu waliozoea nne kwa bila, ni sherehe. Wachezaji walitoka mapumziko wamekauka jasho, na mwisho wa mchezo kila mtu alikuta suruali yake. Wanachama wakajaa tena kwenye lile darasa, kwenye madawati yale yale, na mwenyekiti akasimama na hotuba.

"Ndugu zangu, kuna watu wana akili. Tulimpa Profesa hela za mtu mmoja. Yeye katuletea mtu, dirisha na kitasa. Theluthi mbili kwa mazingira, theluthi moja kwa mchezaji. Hata hizo klabu kubwa hazijafika huko. Profesa, njoo mbele utueleze huu mpango uliupangaje."

Makofi. Kinyozi, aliyetaka straika wa nje, alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Profesa alikwenda mbele polepole, tumbo likimtangulia. Maneno yalikuwa yameshajipanga mdomoni, matamu, yenye mpangilio: kwamba mchezaji ni kama msumari, haushiki kwenye mbao iliyooza, kwamba yeye hilo aliliona zamani. Hakuna aliyejua vinginevyo ila watu wanne, yeye na shemeji yake wakiwamo. Randa Butu si mwanachama. Saruji si mtu wa maneno. Nahodha alikuwa mstari wa mbele, mikono magotini, yule aliyeambiwa hewa haifungi magoli, naye alikuwa anamtazama kwa shukrani ya kweli kabisa.

Hiyo shukrani ndiyo iliyomharibia.

Akamtafuta shemeji yake kwa macho. Hakuwa ameitaja barua, wala hakumkonyeza, wala hakumtishia. Alikuwa anasafisha miwani kwa ncha ya kanga, na alionekana mtu aliyehudumia wodini miaka mingi, ambaye anajua mgonjwa atasema mwenyewe panapouma ukimpa muda.

"Mpango," Profesa akaanza. Akakohoa. "Mpango haukuwepo. Aliyeomba dirisha ni nahodha, tukampuuza. Mimi ndiye niliyeongoza. Aliyelileta ni shemeji yangu. Mimi niliandika barua, na niliiandika vibaya."

Kwa miaka yote waliyomfahamu, walishamsikia akisema makocha wamekosea, marefa wamekosea, marais wa klabu za mbali wamekosea. Kauli hii ilikuwa ngeni kiasi kwamba baadhi walidhani hawakusikia sawasawa. Mkewe, mlangoni, aliacha kujipepea.

Kinyozi akanyoosha mkono kutoka dawati la mwisho.

"Profesa, samahani. Huku nyuma hatujapata vizuri. Hebu rudia."

Naye akarudia, kwa sauti ya kufika nyuma.