Ukucha wa Mama Kulwa

Usiombe ukabandua rangi ya gari la baba mkwe wako.

Mimi leo asubuhi nimeibandua.

Aliniachia gari siku tatu. Nyuma, herufi moja ya jina la gari ilikuwa imedondoka, nikaona niondoe na zilizobaki, mzee apokee gari safi. Nikachukua bisibisi.

Herufi zikatoka na rangi. Kipande cha kiganja kizima! Na mzee anakuja saa kumi.

Mbio hadi Nyahanga kwa Mama Kulwa, fundi rangi.

"Ungepasha joto kwanza, baba, halafu ukapitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma ya herufi. Bisibisi ya nini?"

Sasa sikilizeni.

Huyu mama zamani alikuwa ananunua dhahabu machimboni Nyarugusu. Kompyuta ya kuchanganyia rangi hana. Anakoroga kwenye kopo, anapaka tone kwenye ukucha wa dole gumba, anatoka juani, anauweka ukucha kwenye gari. Anarudi, anaongeza nyeusi kidogo. Anatoka tena. Mara saba!

"Rangi haiangaliwi kivulini," akaniambia. "Ni kama dhahabu."

Mara ya nane ukucha ukapotea ndani ya rangi ya gari. Haki ya Mungu, niliutafuta kwa macho sikuuona. Ndipo akapaka gari.

Saa kumi mzee kafika. Nikampa shikamoo yake na herufi zake kwenye bahasha. Akainama nyuma ya gari, akapapasa, akapapasa tena.

"Mkwe, niambie ukweli. Mlango wa nyuma wa gari langu umeuuza wapi, ukaniwekea huu mpya?"

Nimemweleza habari ya ukucha.

Ndiyo kwanza hasira zimepanda.