Mama wa Stesheni na Ubishi Wangu

Hii habari sijawahi kuisimulia mwenyewe, huwa nasimuliwa nikiwa nimekaa hapo hapo na watu wananicheka, kwa hiyo leo acheni niiseme kwa mdomo wangu, maana wengine wameshaongeza chumvi mpaka wanadai nililia kwenye maiki. Aibu niliipata, sikatai, tena ya kutosha. Lakini kwenye maiki sikulia. Nililia baadaye, nyumbani, jikoni.

Tuna grupu la WhatsApp hapa Sumbawanga, watu wazima na vitambi vyetu, kazi yetu kubishana kuhusu picha za miaka ya tisini: nani alikuwa na mateke makali, steringi gani alipigwa risasi sita akaendelea kuimba, na kama enzi za deki zilikuwa na raha kuliko hizi muvi za kwenye simu (zilikuwa na raha, na hilo sirudi nyuma). Siku moja ikaibuka picha fulani ya Kihindi ambayo sisi tuliokulia Msanzi tuliiita Mama wa Stesheni, jina lake halisi hatukuwahi kulijua kwa sababu mwanzo wa mkanda, penye majina, ulikuwa umekatika. Mama anapotezana na mtoto wake stesheni ya treni, basi kila siku anarudi kumsubiri kwenye benchi lile lile, miaka na miaka, mpaka anaumwa kifua, na mtoto huko aliko anakua anakuwa ndiye steringi.

Shija, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye wazazi wake walihamia Ilemba na mifugo yao kutoka Usukumani, akaandika kwamba mwishoni mama anakufa, kijana anakuta ameshakata roho. Nikamwambia hapana bwana, kijana anafika, mama anamtambua kwa kovu la shingoni, anainuka kwenye benchi, anajitanda shali lake jekundu, wanapanda treni pamoja. Shija akajibu kwa upole, "Kaka Deo, mimi niliiona, kule Ilemba." Na mimi nikaapa kwamba niliiona kwa macho yangu haya mawili, tena mtafsiri alikuwa baba mkwe wangu.

Hapo nieleze kidogo. Banda la video la Msanzi lilikuwa na jenereta, deki, televisheni moja, na Mzee Kasiani anasimama pembeni na fimbo yake akitutafsiria Kihindi (alishawahi kufanya kazi kwenye duka la Mhindi huko Mbeya, kwa hiyo nani angembishia). Bila yeye hakuna picha. Baadaye nilikua nikamuoa binti yake, Skola, na mpaka leo mzee akipita sokoni hakosi mtu mwenye mvi atakayempa shikamoo halafu amrushie maneno ya zile tafsiri zake. Analima mahindi na ulezi kama kila mtu, lakini jina lake limetokana na lile banda.

Ningeishia pale kwenye simu, yangeisha. Lakini nikatangaza kwenye grupu kwamba nitaitafuta picha yenyewe, tutaiona wote ukumbini Jumapili baada ya misa ya pili, na Mzee Kasiani atatafsiri kama zamani. Nikawasimulia kisa chake watu wanaoweka muvi kwenye flashi, wakanipatia. Nikaangalia dakika kumi za mwanzo, nikaona ndiyo yenyewe, nikazima. Niiangalie mpaka mwisho ya nini, wakati mwisho naujua? Jamani, kosa langu lote limo humo, katika kuzima.

Mzee alikataa. Nilimkuta anapukuchua mahindi, akasema, "Mkwe, sauti yangu imechoka." Nikarudi mara ya pili, akaniuliza, "Hiyo mliyoipata ni nzima?"

"Nzima kabisa, baba. Tena inang'aa."

Akaendelea na mahindi yake. Skola akaniambia njiani, "Baba amekataa mara mbili, mwache." Nikamwambia baba anajivunga tu, akishika maiki atachangamka mwenyewe. Mara ya tatu nilimfuata na gari la kuazima, limeoshwa, nikiwa na suti, na mzee wa kwetu hawezi kumrudisha mkwe mlangoni mara tatu. Nilijua hivyo, ndiyo maana nilienda.

Ukumbi ulijaa, nusu Msanzi nusu watu wa Shija, makoti yamefungwa mpaka shingoni kwa ule upepo wetu, na mzee nikamkalisha mbele na maiki. Na kweli alichangamka. Adui akiingia anabadilisha sauti, mama akikohoa anakohoa naye, watu wazima wanamalizia sentensi zake kabla yeye hajazisema. Nikawa namwangalia Shija kwa jicho la ushindi. Halafu ikafika mama anakaa kwenye benchi kwa shida, na mzee akashusha maiki akaiweka mapajani.

Nikadhani amechoka. Kijana anakimbia, treni inapiga honi, mama anainamisha kichwa, shali lake (la kijivu, nikashangaa) linaanguka chini. Amekufa. Kijana anafika, anapiga magoti, wimbo wa msiba unaanza.

Shija hakucheka, lazima nimtendee haki. Alisema tu, "Pole, kaka." Ile pole ndiyo iliyonipandisha hasira. Nikasimama nikatangaza kwamba hii kopi imechezewa.

"Wamechezea mpaka wimbo wa msiba?" mtu akauliza nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ungekuwa wewe ungekaa. Mimi nikamgeukia baba mkwe mbele ya watu wote: "Baba, waambie. Wewe ndiye uliyetafsiri. Mama anainuka." Nikaona Skola anajifunika uso kwa kitenge.

Mzee akasimama taratibu. "Mkwe, kaa," akasema. Nikakaa. "Mkanda ule uliliwa na deki kabla ya hapo. Kwenye kioo zilibaki chenga tupu, picha hakuna. Mwisho niliusema mwenyewe."

"Kwa hiyo ulitudanganya, mzee?" yule yule wa nyuma akauliza, lakini sasa kwa adabu.

"Niliwadanganya. Nilijua yule mama anakufa, kikohozi kile si cha kupona. Lakini pale mbele, chini, alikaa mtoto ambaye mama yake tulimzika Jumatano ile ile. Nikaona siwezi kuua mama wa pili katika wiki moja."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, watu wa Msanzi wote walishageuka kuniangalia mimi.

Mimi zile chenga sizikumbuki hata kidogo. Nakumbuka mama anainuka, namwona kabisa, na shali jekundu. Jekundu lilikuwa la mama yangu, alilokuwa anajitanda asubuhi za baridi akienda shamba. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemvalisha mwanamke wa kwenye picha, nikaja kubishania ukumbini, na kumvua nguo mzee aliyenifichia msiba wangu mwenyewe.

Nilimrudisha nyumbani na lile gari safi. Mlangoni nikasema, "Nisamehe, baba." Akasema, "Nilikukatalia mara mbili, Deo," akaingia ndani. Skola hakunisemesha mpaka jioni, aliponikuta jikoni.

Siku hizi muvi naangalia mpaka majina yaishe, na mtu akinikatalia mara moja namwacha. Jumatatu yake nilifungua grupu nikaandika mbele ya wote: "Mama anakufa. Shija yuko sahihi."

Nikasubiri vicheko. Shija akajibu: "Wa Ilemba ndiye aliyekufa, kaka. Wa Msanzi alipona."