Niliomba fellowship ya global health kwa kutegemea Kiswahili changu, Makindye wakanifungia milango

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa kuandika na wa kusoma kimya kimya.

Uzi huu unachosha kidogo kwa sababu mwenyewe nimechoka. Ila ni kweli tupu, sio chai. Majina nimebadilisha, mengine yote yamenipata mimi hapa hapa Kampala.

Naandika hasa kwa vijana wa vyuo na watafiti wachanga mnaokimbizana na fursa za global health. Fellowship, grants, exchange, hayo mambo. Nawajua. Mtu hajanawa uso ameshafungua email kuona kama wamemjibu.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Tabora. Nilikuja Uganda kusoma masters ya public health, nikamaliza, nikabaki kwa kuunga unga. Leo naingiza data kwenye mradi wa malaria, kesho naandika kumbukumbu kwenye semina za wenzangu. Katikati ya hayo naomba fellowship. Nimeomba nyingi mpaka naona aibu kutaja.

Sasa, nyingi ya hizi fursa zina kikomo cha umri. Mimi nilikuwa nimebakiza nafasi moja tu ya kuitwa kijana. Ikipita hiyo, basi.

Ndipo likatoka tangazo la fellowship yenye awamu mbili. Awamu ya kwanza unafanya utafiti mdogo hapo unapoishi. Awamu ya pili wanachagua mtu mmoja kutoka kila mji, anakwenda Ulaya mwaka mzima kufanya kazi na watafiti wazoefu, na akirudi njia ya PhD imeshanyooka.

Mtu mmoja. Nafasi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka maishani, na sioni haya kusema.

Tangazo likaongeza kwamba wanapendelea anayejua lugha ya jamii, na kwa Afrika Mashariki wakaandika Kiswahili. Nilicheka peke yangu. Mtu wa Tabora unamuuliza Kiswahili?

Awamu ya kwanza nikachaguliwa. Mada yangu ilikuwa presha kwa akina mama wanaouza sokoni Makindye, mtaa wa hapa Kampala. Wengi wanatembea nayo bila kujua, mpaka siku ikiwaangusha. Mpango ulikuwa kuwafuata majumbani mchana wakisharudi kutoka sokoni, kuwapima, kuwauliza maswali, na mwenye presha ya juu tumwandikie rufaa.

Maswali nikayaandika kwa Kiswahili kilichonyooka. Supervisor niliyepangiwa na fellowship kule Ulaya, mtu mpole sana, alifurahi mpaka nikikumbuka leo namwonea huruma.

Kamati ya maadili hapa Kampala iliniuliza Luganda, lugha ya wenyeji, iko wapi. Nikatafuta mtu akanitafsiria fomu ya ridhaa haraka haraka, nikaiambatanisha. Maswali yenyewe nikasema nitauliza kwa mdomo, tutaelewana tu.

Msinicheke bado. Mimi nakaa Kabalagala, mtaa uliojaa wageni. Pale dukani ni Mkenya, kinyozi ni Mkongo, jirani ni Mkenya mwingine. Kiswahili kinamwagika kuanzia asubuhi. Chuoni tulikuwa tunatumia Kiingereza. Ningejuaje?

Siku ya kwanza nikavaa suruali ya khaki na buti nyeusi, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na Makindye ina milima na matope. Kichwa nilikuwa nimenyoa kipara. Mkononi begi jeusi lenye mashine ya kupimia. Mwenyekiti wa mtaa, wenyewe wanamwita LC, alikuwa ameshanigongea muhuri na kuniambia nenda tu.

Nyumba ya kwanza nikamkuta mama anamenya matoke barazani. Nikamsalimia kwa adabu zote nilizolelewa nazo. Shikamoo mama, za hapa, poleni na kazi.

Akasimama. Akajifuta mikono taratibu.

"Afande, mzee hayuko. Alienda."

Nikamwambia mimi si afande, nimekuja kwa mambo ya afya.

"Sisi hapana jua kitu, afande."

Akaingia ndani akafunga mlango. Matoke aliyaacha pale nje.

Nyumba iliyofuata walinifungia kabla sijamaliza salamu. Nyingine mama alinijibu kwa Kiingereza cha heshima sana kwamba nyumbani kwake hakuna kesi yoyote. Fomu yangu ya Luganda haikuwahi hata kutoka kwenye begi.

Nikarudi kesho yake. Nikarudi keshokutwa. Wiki zikaisha natoka kapa, na ripoti ya kwanza inadaiwa. Jioni naandika email kwa supervisor kwamba kazi inaendelea vizuri, changamoto ni ndogo ndogo. Mnajua ile lugha.

Aliyenifumbua macho ni Mama Akello. Huyu ni mke wa sajenti wa polisi, mtu wa kaskazini huko, anakaa kwenye nyumba za polisi Nsambya. Tunaimba kwaya moja. Jumapili baada ya misa nikamweleza mkasa wangu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe mtoto, nani natuma wewe Makindye na hiyo viatu?"

Halafu akaacha kucheka.

"Sikia. Waganda, hasa ile wazee, Swahili kwao ni ya askari. Na ya mwizi. Zamani, wakati jeshi natawala, mtu nagonga mlango, naongea Swahili, wao najua amekuja kuchukua bwana. Harafu wewe nakuja na begi, na kichwa iko hivyo, unauliza majina ya watu ya nyumba. Watafungua kwa nini?"

Wakuu, nilinywea. Ile lugha ninayoringia, ninayowasahihisha wenzangu humu jukwaani, kwa mama wa watu pale Makindye ni sauti ya kumpoteza mume.

Mama Akello akanihurumia. "Kuja pima sisi basi. Sisi hapa Swahili ndiyo chakula."

Nikaenda kweli. Akina mama wa kota za polisi walinipangia foleni, wananitania, wananiita mtoto wa Nyerere. Ilikuwa siku nzuri. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilijisikia mtu. Ila kwa utafiti wangu haikuhesabika hata moja, maana protokali ya utafiti ilisema akina mama wa sokoni Makindye, na hao wa sokoni ndio hasa wasiopimwa na mtu.

Ndipo nikamwendea Nakato.

Nakato nilisoma naye masters, na mpaka leo tunaongea Kiingereza. Ni nesi, mzaliwa wa Makindye, na mdomo wake hauna breki. Nilipomsimulia, aliniangalia kama anaangalia mgonjwa aliyekataa dawa.

"Ssebo (yaani bwana), umekaa na sisi darasani muda wote huo, hukuona haja ya kuuliza?"

Nikamwomba anisaidie, akakubali.

Hapa muwe makini, ndipo uzi unapogeukia. Kamati ya maadili inataka kila anayeongea na washiriki awe ametajwa rasmi. Kwa hiyo nikaomba marekebisho na kumwandika Nakato kama mtafiti mwenza. Na kwa kanuni za fellowship, mtafiti mwenza naye anaitwa kwenye usaili wa awamu ya pili. Nilizisoma hizo kanuni. Nikaona ni sawa tu, kazi kwanza.

Nakato akanibadilisha. Buti zikawekwa uvunguni. Begi jeusi likabaki nyumbani, mashine nikaibeba mkononi ionekane. Tukifika kwenye nyumba ananiambia nibaki nyuma, nifunge mdomo.

Yeye anapiga magoti. Msomi mzima, nesi, anapiga magoti kwenye matope kumsalimia mama mwenye nyumba, kama Waganda wanavyofanya. Zile salamu zao ndefu, umeamkaje, wa nyumbani wakoje, poleni na shughuli. Mama anaitikia kwa kuguna polepole. Salamu zikiisha hakuna tena mgeni pale. Mkeka unatandikwa.

Kisha ananitambulisha, na kila nyumba wanacheka. Siku moja nikamuuliza huwa anawaambia nini.

"Nawaambia huyu si askari, ni Mtanzania tu, na matoke hajui kumenya."

Ikawa kazi yangu ni kufunga kitambaa cha mashine mkononi na kusoma namba. Na namba zilitisha, wakuu. Mama mmoja presha yake ilikuwa juu kiasi kwamba Nakato hakumaliza maswali, aliita bodaboda akampakia na kumpeleka hospitali mwenyewe. Yule mama yuko hai, anauza nyanya zake mpaka leo. Mimi ningekuwa bado nipo nje ya mlango nasema shikamoo.

Tukamaliza. Data nikachambua mimi, ripoti nikaandika mimi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bado inaniuma.

Usaili ulikuwa kwa Zoom, kila mtu kwa wakati wake. Watu watatu, wapole, wamejipanga. Mwanzo ulikwenda vizuri, nikaeleza mbinu, matokeo, mapungufu. Kisha mama mmoja wa kwenye paneli akauliza swali dogo.

Tukikutoa wewe kwenye huu mradi kunabaki nini? Na tukimtoa Nakato?

Majibu yalikuwepo. Ningesema sisi ni timu. Ningesema wazo ni langu, uchambuzi ni wangu, Nakato alisaidia kuifikia jamii. Hayo ndiyo majibu tunayofundishwa kwenye semina za kuandaa usaili, tena mimi mwenyewe nimewahi kumfundisha mtu.

Nikasema mkinitoa mimi, atapatikana mwingine wa kuchambua. Mkimtoa Nakato, hakuna mama aliyepimwa.

Msinipe ushujaa. Sikupanga. Nilikuwa nimechoka kuandika kwamba changamoto ni ndogo ndogo.

Yule mama akaandika kitu, akanishukuru.

Nafasi akapewa Nakato.

Alikuja chumbani kwangu Kabalagala na simu mkononi, hajui acheke au alie. Akasema atawaandikia aikatae. Nikamwambia kanuni zinasema akiikataa wataipeleka kwa mtu wa mji mwingine, si kwangu, kwa hiyo asinipe na hilo la kubeba. Akalia, nami nikalia, na jirani Mkenya akagonga kuuliza kama tumefiwa.

Nilimpigia mama yangu Tabora kumwambia nimekosa. Akauliza aliyepata ni mtu mzuri? Nikasema ndiyo mama. Akasema basi kula ulale.

Nakato ameshaondoka. Mimi nimebaki kufuatilia wale akina mama kama wanakwenda kliniki. Napita mwenyewe, na Luganda yangu ya kuokoteza. Jioni ananiuliza kwa WhatsApp, leo wamefungua? Namjibu ndiyo. Hata siku ambazo hawakufungua namjibu ndiyo.

Nilichojifunza, kwa mnaojiandaa kuomba. Tangazo likisema lugha ya jamii, usijibu kutoka kichwani kwako wala kutoka kwa aliyeandika tangazo. Nenda kwenye mtaa huo kabla hujaandika mstari mmoja, ujue lugha yako imewahi kuwafanya nini watu wa pale. Na anayekufungulia milango mwandike jina tangu mwanzo, hata kama anaweza kukaa kwenye kiti chako.

Umri wangu wa fellowship umepita. Kama kuna mwenye kujua mchongo usio na kikomo cha umri, aseme.

Anayetaka kunicheka acheke, nafasi ipo. Ila aliyewahi kuulizwa swali kama lile akiwa na nafasi moja iliyobaki, aniambie alijibu nini. Mimi tangu siku ile nalala usingizi mzito, na kila asubuhi bado naamka nikiitaka ile nafasi.